Nyuzi Zilizokatika Pamoja

Bwana Hizza alipotangaza kwamba Mwasiti Shekiondo ndiye anayeongoza katika vipimo vya Sauti, aliyepiga makofi kuliko wote mle ndani alikuwa Saumu Mnkeni. Alipiga mpaka viganja vikamwasha. Mwenye kijicho ndivyo alivyo, hongera yake huwa na kelele kuliko ya ndugu. Alimkumbatia Mwasiti, akamwambia, "Shoga yangu, umetutoa kimasomaso," na huku amemshika hivyo, roho ya kwa nini ikamwingia.

Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?

Walikuwa wawili tu waliobaki kwenye kinyang'anyiro. Kila baada ya miaka kadhaa mashine iliyoitwa Msimulizi, ambayo ndiyo iliyoandika karibu kila hadithi iliyosomwa pwani yote kutoka Lamu hadi Kilwa, ilibadilishwa sauti. Alichaguliwa binadamu mmoja, yakachukuliwa maandishi yake yote, na mizaha yake na mapozi yake, Msimulizi akamezeshwa. Kuanzia hapo kila hadithi ilitoka na ladha ya mtu huyo, na jina lake likakaa juu ya kila ukurasa. Watu walikuwa wakiwapa mabinti zao jina la Sauti. Saumu alikuwa akiutaka huo usauti kama mjamzito anavyotaka udongo.

Kazi waliifanya Tanga mjini, kwenye ghala la zamani la mkonge lililogeuzwa kuwa Nyumba ya Nyuzi. Katani ilikwisha kuondoka zamani, lakini siku za joto harufu yake ilikuwa bado inatoka ukutani. Wawili hao walikuwa katika Idara ya Mikatiko, ambayo wenyewe waliiita mochwari, maana ndiko yalikoletwa maandishi ya mtandaoni yaliyokufa kwa kukosa wasomaji. Juu ya mlango mtu mwenye utani wake alikuwa ametundika kanga iliyoandikwa WAJA LEO WAONDOKA LEO.

Wakati huo kila mtu alisoma kwa miwani, na miwani ile ilikuwa ikiyatazama macho yanayotazama. Popote jicho lilipopita kwenye andiko liliacha uzi wa mwanga. Msomaji akichoka, akiondoka, uzi unakatika. Mle ghalani nyuzi hizo zilitundikwa hewani kutoka darini, kila msomaji uzi wake, mithili ya katani iliyoanikwa. Andiko tamu nyuzi zake zilifika sakafuni. Andiko baya zilikatikia juu, mmoja hapa na mwingine pale, kama kichwa kilichonyolewa na mlevi.

Msimulizi alijua uzi umekatikia wapi. Kwa nini, hakujua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mochwari. Mkaguzi alilisoma andiko, akafika pale nyuzi zilipokatika, akaandika sababu: hapa mwandishi amejisifu, hapa ameleta watu watano kwa mpigo hata msomaji hajui nani ni nani, hapa amekwisha kusema jambo na bado analisema. Msimulizi alizisoma sababu hizo kisha asirudie kosa. Kwa hiyo zile hadithi zote tamu zilizowafanya watu wasahau chungu jikoni zilifunzwa na hadithi mbovu, na hakuna aliyezijua hadithi mbovu kama Saumu.

Saumu alikuwa na tabia moja mbaya tangu utotoni. Akishika andiko lolote husoma kwanza sentensi ya mwisho, ndipo arudi juu aanze. Mwasiti alikuwa akimtania kwayo tangu walipokaa dawati moja shuleni Muheza. "Shoga, wewe hata ndizi unaimenyea chini," alimwambia. Na ni shuleni hukohuko ambako mwalimu alisimama akaisoma insha ya Mwasiti mbele ya darasa zima, na ya Saumu akairudisha na alama ya vyema, bila neno. Watu hucheka wakisikia mtu mzima bado anakumbuka alama ya vyema. Wacha wacheke. Hawakurudishiwa wao.

* * *

Kulikuwa na kanuni moja, na Saumu aliijua vizuri.

Nyuzi zikikatika hapa na pale, huo ni uchovu, na kila mwandishi anao. Lakini ikiwa mwandishi aliwahi kuandika kitu ambacho nyuzi zake zote zimekatika mahali pamoja, huo uliitwa mkatiko wa pamoja na ulihesabiwa kuwa ni ugonjwa. Sauti mmoja wa zamani alikuwa nao, hakuna aliyegundua, Msimulizi akaumeza, na kwa msimu mzima watu wa pwani walikuwa wanaziacha hadithi njiani. Tangu hapo, mwenye mkatiko wa pamoja hakuruhusiwa kuwa Sauti.

Na Saumu alikumbuka kwamba Mwasiti, enzi za usichana wao, aliwahi kuwa na ukurasa wake mtandaoni. Aliuandikia kitambo kifupi, akaufunga ghafla. Ukimuuliza alikuwa akicheka na kusema, "Nilijifunza adabu kule," kisha anabadilisha mazungumzo.

Mchana wenzake walipokwenda kula, Saumu alibaki. Aliwaambia tumbo linamsumbua. Akafukua. Maandishi ya mtandaoni hayafi kabisa, hulala tu, na mkaguzi mwenye mkono mzuri huyaamsha. Akayapata machache, ya kawaida, yenye nyuzi za kawaida. Kisha akatundika moja lililoitwa "Ukoko," na nyuzi zake zikashuka kutoka darini, zikafika katikati, zikaishia hapo. Zote. Mstari wake ulikuwa umenyooka kama umekatwa na panga.

Saumu alicheka peke yake. Alizunguka zile nyuzi akizitazama huku na huku, akaingiza mkono chini yake, mahali palipokuwa patupu. Alijisikia mwepesi. Akaenda ofisini kwa Bwana Hizza kabla wenzake hawajarudi.

Bwana Hizza, mkuu wa nyumba, alikuwa mtu mnene mpole aliyependa kumenya chungwa wakati wa kufikiri. Alikuja, akatazama, akameza kipande cha chungwa.

"Nani amekutuma kufukua, Bi Saumu?"

"Kanuni, Bwana Hizza."

"Kanuni inamtaka mkaguzi afukue. Haikusema amfukue mgombea mwenzake."

"Basi tulitoe hilo andiko," Saumu alisema, maana aliona haya kidogo.

"Halitoki. Ukishatundika, Msimulizi ameona. Sasa anangoja sababu." Akafuta mikono kwa leso. "Na mila ya hapa unaijua. Aliyetundika ndiye anayesoma. Kaa nalo, uniandikie kwa nini wamekatika. Kesho Msimulizi analimeza pamoja na sababu yako, na mambo ya Sauti yanakwisha."

Habari katika nyumba ile hazikuhitaji miwani. Jioni Saumu alikutana na Mwasiti kwenye ujia, amejitanda mtandio tayari kwa kurudi nyumbani, macho mekundu.

"Umekwenda kunichimbulia kaburi, Saumu," Mwasiti alisema. Hakumwita shoga.

"Kanuni ni ya wote."

"Hebu niambie kitu kimoja. Ulipoona zimekatika, ulicheka?"

Saumu akageuza uso. Mwasiti akatikisa kichwa, akapita.

* * *

Asubuhi yake Saumu akakaa na "Ukoko."

Alianza na sentensi ya mwisho, kama kawaida yake, na ilimfurahisha sana kwa ubaya wake. Mwasiti alikuwa ameimaliza kwa kuwaasa vijana wawaheshimu wazazi, kama bango la mkutano. Loo, kumbe naye aliwahi kuwa mbovu! Saumu akapanda juu, akaanza kushuka polepole ili utamu usiishe upesi. Ilikuwa habari ya mama mmoja wa Muheza na jiko lake. Hakukuwa na kisa. Hakukuwa na chambo chochote cha kumvuta msomaji. Akafika pale:

"Mama alipopika wali alikwangua ukoko, akauweka kwenye sahani ya bati, akaufunika kwa kawa, kwa sababu watoto hugombea ukoko. Asubuhi akainua kawa. Ukoko ulikuwa umelala vilevile tangu jana. Akakumbuka kwamba watoto wamekwisha kuhama wote. Akawaita kuku."

Nyuzi zote zilikatikia kwa hao kuku.

Saumu akaishika kalamu yake ya mwanga aandike sababu, na sababu haikuja. Alirudia. Hapakuwa na majisifu pale, wala mahubiri. Mahubiri yalikuwa chini, ambako hakuna aliyefika. Hapakuwa na neno gumu. Maneno yalikuwa mepesi, na kila moja lilikuwa mahali pake. Alisoma mara ya tatu akitafuta kosa kwa hamu ya mtu anayetafuta sindano yake mwenyewe, na kosa hakuliona.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuna mkaguzi aliyelifanya. Alifungua mikia.

Uzi ukikatika, miwani haizimiki papo hapo. Huendelea kurekodi kidogo: msomaji amefungua nini kingine, amesimama, amekaa. Kipande hicho kiliitwa mkia, na mochwari haikukijali, kwa sababu kila mtu alijua yaliyomo. Msomaji aliyechoka huenda kutazama mpira au vichekesho. Mikia ilihifadhiwa kwa sababu tu hakuna aliyejisumbua kuifuta.

Mkia wa kwanza: msomaji alisimama, akapiga simu Handeni.

Wa pili: alivua miwani, akapiga simu Unguja. Wa tatu hakupiga simu, alikwenda chumba cha pili ndani ya nyumba yake, akakaa huko mpaka rekodi ikaisha. Wa nne alipiga, haikupokelewa, akapiga tena, akapiga tena. Saumu akaendelea kufungua. Mpira hakuuona, wala vichekesho. Watu wote wale, wa miji mbalimbali, wasiojuana, walifika kwa wale kuku wakaliacha andiko la Mwasiti na kuinuka kumtafuta mtu wao.

Hawakuchoka. Walishindwa kukaa.

"Mungu wangu," Saumu alisema. Na kwa kuwa tunasema ukweli, tuseme na huu: jambo la kwanza alilolisikia moyoni halikuwa heshima. Ulikuwa wivu mpya kabisa, mchungu, ambao ule wa jana mbele yake ulikuwa mchezo wa watoto. Maisha yake yote alikuwa amejifunza kuwazuia wasomaji wasiondoke. Mwasiti, msichana mdogo asiyejua kitu, aliwahi kuwafanya waondoke hivi!

Akafungua uzi mwingine.

Uzi ule haukuanzia juu kama wenzake. Ulianzia chini kabisa, kwenye sentensi ya mwisho, ukapanda hadi kichwa cha habari, ndipo ukashuka taratibu, aya kwa aya, mpaka kwa wale kuku. Ukakatika.

Mtu huujua mwandiko wake hata akiukuta ugenini. Saumu aliyajua macho yake.

Akaufungua mkia. Msomaji, wa Tanga, Chumbageni, alisimama. Akapiga simu Muheza.

Alikuwa ameisahau hadithi. Simu hakuisahau, asingeweza. Walikuwa hawasemezani na mama yake kwa muda mrefu, kwa sababu ya mwanamume ambaye mama alimkataa na Saumu akamng'ang'ania, na baadaye mwanamume mwenyewe akaondoka na bado Saumu hakupiga, kwa aibu. Kisha siku moja mchana, bila sababu, alipiga. Mama alipokea akauliza kwa hofu, "Kuna msiba?" Akamjibu, "Hapana mama, nimekukumbuka tu." Mama akacheka, akasema, "Basi Jumamosi uje, nitakuwekea ukoko," na Saumu akashangaa amejuaje kwamba ndio aliokuwa akiuwaza. Jumamosi alikwenda kweli, lakini alikwenda mazishini. Miaka yote hii ile simu ilikuwa kitu kimoja maishani mwake alichokifanya vizuri kwa akili yake mwenyewe.

Alikaa pale chini ya nyuzi akalia. Alimlilia mama, na alilia kwa hasira pia. Insha ilikuwa ya Mwasiti, Sauti ilikuwa ya Mwasiti, na kumbe hata simu yangu kwa mama yangu ilikuwa ya Mwasiti!

* * *

Bwana Hizza alimkuta anajifuta uso.

"Umepata sababu?"

Alikuwa nayo mdomoni. Akiisema, mkatiko unageuka kuwa muujiza, na Mwasiti anakuwa Sauti kabla ya adhuhuri. Kwa sekunde chache, tumpe haki yake, Saumu alitaka kuisema. Lakini alikuwa mkaguzi wa siku nyingi na alijua kila neno liendalo kwa Msimulizi halirudi. Akaanza kwa kuzunguka.

"Bwana Hizza, tuseme Msimulizi amejifunza kuandika kitu cha kumwinua mtu."

"Kumwinua vipi?"

"Anasoma, anafika mahali, anainuka. Anakwenda kufanya jambo. Hajui hata kama ni hadithi iliyomtuma."

"Jambo gani?"

"Lolote litakaloandikwa."

Bwana Hizza aliacha kumenya chungwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyumba kubwa ya kuendesha na wenye mali wa kuwaridhisha. Alisogeza kiti akakaa karibu, na sauti yake ikawa ya chini, ya upendo hasa.

"Bibie," alisema, "ukinipatia hiyo, hatutauza hadithi tena. Tutauza miguu ya watu. Mwenye duka atakuja, mwenye kugombea atakuja, kila anayetaka watu wainuke waende mahali atapiga hodi hapa. Kuna kitu kama hicho kwenye hilo andiko?"

Saumu alizitazama nyuzi. Alimwona mtu wa Handeni, wa Unguja, na yule aliyepiga simu mara tatu. Akawaona wakiinuka tena, safari hii kwenda kununua, kwenda kupiga kura, kwenda kupiga mawe nyumba ya jirani, na kila mmoja akiamini kwamba moyo wake ndio uliomtuma. Kama alivyoamini yeye.

"Hakuna," alisema.

"Basi wamekatika kwa nini?"

Akachukua kalamu akaandika mbele yake: Mwandishi ameng'ang'ania habari za jikoni. Hakuna kisa. Wasomaji wamechoka.

Bwana Hizza alisoma, akapumua kwa kukata tamaa kidogo, akapiga muhuri wake. Msimulizi alimeza. Kwa mashine ile, hadithi ya ukoko ilikuwa mzoga wa kuepukwa milele, na hakuna mtu wa pwani atakayeinuliwa kwa njia hiyo. Mwasiti akatolewa. Sauti akawa Saumu Mnkeni.

Je, aliandika vile ili kuwaokoa watu, au ili kumzamisha mwenzake? Alijiuliza swali hilo njia nzima kwenda nyumbani. Angekuwa mpenda watu mtupu angeandika maneno yaleyale. Angekuwa mwovu mtupu, yaleyale pia. Hakupata namna ya kujua, na hilo lilimuudhi.

* * *

Mwasiti alikaa Ngamiani, Barabara ya Nane, nyumba ya kupanga yenye ua. Saumu alikwenda alasiri bila miwani. Alimkuta akichambua mchele kwenye ungo.

"Hodi."

"Hodi hiyo ni ya nani, ya Sauti?" Mwasiti hakuinua macho. "Sogea basi tukuone. Umekuja kunionyesha nguo mpya? Mchimba kisima huingia mwenyewe, Saumu, sisi tupo tunangoja."

"Nimekuja kukwambia jambo. Ukishalisikia unifukuze."

"Naweza kukufukuza sasa hivi."

"Hawakuchoka," Saumu alisema.

Mikono ya Mwasiti ikasimama juu ya ungo. Saumu akamweleza yote amesimama vilevile mlangoni, kwa sababu hakuambiwa karibu. Akamweleza mikia. Akamweleza Handeni na Unguja na yule wa chumba cha pili. Akamweleza aliyoyasema Bwana Hizza juu ya miguu ya watu, na alichokiandika yeye.

Mwasiti aliokota punje moja kwenye ungo, akaitupa. Kisha alisema, taratibu, "Mimi niliziona zile nyuzi. Enzi hizo walikuwa wanamtumia mwandishi picha. Niliona kila mtu amenikimbia mahali pamoja, nikaona aibu hata nikafunga ukurasa. Nikajifunza. Nikasema sitamwacha mtu apumue tena. Kila aya nikaweka chambo, kila mwisho nikaning'iniza kitu. Ndivyo nilivyokuwa mzuri. Ndivyo nilivyowapita nyote."

"Najua."

"Kumbe nilijifunza uongo."

"Ndiyo."

"Na wewe umeujua ukweli, ukaandika wamechoka." Mwasiti alicheka kidogo bila furaha. "Kwa ajili ya watu, ati. Au kwa ajili ya roho yako?"

"Sijui, Mwasiti. Nimejaribu kujua."

"Usauti utauacha?"

Saumu alikuwa amejiandaa kwa swali hilo, akadhani atajibu vizuri. "Nautaka," alisema. "Siwezi kuuacha. Nautaka tangu tuko darasani."

"Basi ondoka kwangu."

Saumu akageuka. Alikwisha kufika kwenye geti la mabati aliposikia sauti nyuma yake.

"Uzi mmoja ulikuwa wako, siyo? Usingekuja hapa kwa ajili ya mtu wa Handeni."

"Ulikuwa wangu."

"Ulimpigia nani?"

"Mama."

Mwasiti alimjua mama yule. Alikula kwake utoto wake wote. Alijua na siku aliyokufa. Aliuweka ungo chini, na kwa mara ya kwanza alimtazama Saumu usoni.

"Alisema nini?"

"Alisema niende Jumamosi. Ataniwekea ukoko."

Mwasiti alifunika uso kwa upande wa kanga. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Saumu alisimama pale getini akimwangalia rafiki yake akilia kwa ajili ya kitu alichokiandika mwenyewe, na Mungu amsamehe, hata hapo alimwonea wivu.

* * *

Sauti mpya alipendwa sana. Nyuzi zilishuka kutoka darini mpaka zikalala sakafuni, na Bwana Hizza alikuwa akipita katikati yake akimenya machungwa kwa furaha. Watu walimsoma Saumu Mnkeni kitandani, kazini, msalani, wakamsoma mpaka neno la mwisho na kuomba jingine. Yeye alijenga mazoea ya kufungua mikia baada ya kazi. Ilikuwa mitupu. Wasomaji wake walifika mwisho, wakabaki wamekaa, wakafungua hadithi nyingine.

Mwasiti aliacha kazi Nyumba ya Nyuzi. Watu walisema anauza maandazi, wengine kwamba amerudi Muheza.

Siku moja asubuhi Saumu alikuwa anapita Ngamiani, akaona karatasi imebandikwa ukutani kwenye mashine ya kusaga unga. Karatasi ya kawaida, imeandikwa kwa mkono. Siku hizo hakuna aliyebandika karatasi, maana miwani haisomi kitu kisicho chake, na karatasi haina uzi wa kuhesabu. Mbele yake alisimama mwanamume mzee kidogo mwenye gunia la mahindi begani, anasoma huku midomo inacheza. Alifika katikati. Akalishusha gunia chini, akaliacha palepale kwenye foleni ya watu, akaondoka kwa haraka kuelekea stendi ya magari.

"Mzee, mahindi yako!" mwenye mashine aliita. Hakugeuka.

Saumu hakuhitaji kuuliza jina la mwandishi. Wivu ulimshika palepale barabarani, ule wa zamani, wa darasani, na alijua atazeeka nao. Alikuwa na wasomaji kutoka Lamu hadi Kilwa, na angewatoa wote ili ampate yule mzee mmoja na gunia lake.

Alisogea mpaka ukutani. Macho yakateremka yenyewe kutafuta sentensi ya mwisho, kama yalivyozoea. Akayafumba, akayafumbua pale kwenye mstari wa kwanza, akaanzia juu kama watu wengine.

Hakufika mwisho.